Seva Iliyojiwasha Yenyewe

Baba mkwe wangu na mimi hatujawahi kusemeshana. Si ugomvi, ni mila ya Kinyakyusa: mke wa mtoto hamkaribii baba wa mume wake, wala hamtazami usoni. Nikimwona njia ya Talatala, naingia mgombani mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, lakini ukoo wa mume wangu, hee, wameing'ang'ania!

Kwa hiyo tulizungumza kwa tovuti. Niliitengeneza mwenyewe, ya tahadhari ya mafuriko: mtu wa kule milimani akiona mto umejaa, anaandika, nayo inatuma ujumbe kwenye simu za watu wa bondeni. Maana Kyela unaweza kuwa unaanika mpunga juani, kumbe maji yako njiani. Mzee akipata ujumbe alienda kumfungua ng'ombe wake, aliyekuwa akimfunga kando ya mto ale majani, na kurudi akiwatambia majirani: "Mkwe wangu kaniambia." Nikisimuliwa hayo, kichwa kinavimba.

Shida ilikuwa seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti. Watu wakiwa wengi ilielemewa, ikazima. Kosa lilikuwa kwenye kazi yangu, na nilijua. Badala ya kulitafuta, nikaandika kiprogramu kidogo: seva ikizima, ijiwashe papo hapo. Funika kombe mwanaharamu apite. Ofisini wakanisifu eti tovuti yangu hailali, nami nikachekelea! Nilijua pia kwamba kila ikijiwasha, ujumbe uliokuwa kwenye foleni unafutika. Ah, nikasema, nitarekebisha wiki ijayo. Nilisema hivyo msimu mzima.

Mchana mmoja wa masika, jua kali, mtu wa milimani akaandika kwamba mto umefura. Seva ikazima, ikajiwasha. Nikaona taarifa kwenye simu yangu: imezima, imewaka. Jamani, nilikuwa nakula wali, na niliendelea kula. Ujumbe uliwafikia wachache, na mzee hakuwa mmoja wao. Alikuwa nyumbani anapasua kokoa. Maji yalipofika, ng'ombe alikuwa bado kwenye kamba. Walimkuta kesho yake, na kamba yenyewe haikuwa imekatika.

Nilipopata habari nikakaa kulitafuta lile kosa. Saa moja na nusu tu, nikawa nimelirekebisha. Nililia kwa hasira. Saa moja na nusu, na mimi nilikuwa na msimu mzima!

Wiki mbili baadaye mume wangu alirudi kutoka kwa baba yake na kikaratasi chenye namba ya simu.

"Mzee kauza kokoa, kanunua simu mpya," akasema. "Anasema ile ya zamani ndiyo iliyomwulia ng'ombe, ujumbe wako uliishia humo humo. Anaomba umwandikishe upya. Tena anasema ndaga fijo, usichoke kumwambia."

Ndaga fijo. Asante sana, mimi! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaketi, nikaiandika ile namba tarakimu moja moja, yeye kasimama pembeni yangu.

"Kwani ile simu ilikuwa mbovu kweli?" akauliza.

Huyu ni mume wangu, si baba yake. Hakuna mila inayonizuia kumwambia ukweli.

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa mbovu."