Mstari wa Pili wa Bunduki

Siku ya mwisho ya amani ninayoikumbuka tulikuwa kijijini Mudaka, karibu na Bukavu, nyuma ya nyumba ya mwindaji Birhange, tunatengeneza nyavu. Nguruwe wa msitu alikuwa amepasua mbili kati yake wiki ile. Birhange alikaa chini, miguu imenyooka, wavu ameushika kwa kidole gumba cha mguu, na mikono yake inafunga mafundo bila yeye kuyatazama. Mkewe, Maman Furaha, alikuwa akichambua maharage mlangoni. Mimi nilikuwa nikisokota kamba, na nilikuwa nikiisokota vibaya.

"Weye, ile kamba ni ya kuwinda ao ya kufungia mboga?" Birhange aliniuliza.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Shule ya mapadri niliiacha mapema kwa sababu nilitaka kujua malori yanakwenda wapi. Nilipojua, nikataka kujua mashua za ziwani zinakwenda wapi. Niliosha sahani katika nyumba ya Wazungu kule Nguba, nikapakia magunia ya kahawa, nikachoka, nikaondoka. Birhange alinichukua kwa sababu nilikuwa na mbio, na kwa sababu niliuliza maswali. Alipenda kuulizwa.

Uwindaji wa nyavu ni kazi ya watu wengi. Nyavu zinatandikwa upande mmoja wa msitu, na nyuma yake wanakaa wenye mikuki, kimya kabisa. Wafukuzaji wanaingia kwa upande mwingine, wamejipanga mstari, na mbwa waliovishwa kengele za mbao. Wanapiga kelele, wanapiga miti, na mnyama anakimbilia nyavuni. Lakini mnyama mzee hakimbii. Analala chini ya majani na kuuacha mstari umpite. Unaweza kupita karibu naye hata ukasikia joto lake, naye asitikisike. Birhange akimwona wa namna hiyo alikuwa anacheka na kumwacha.

"Ile imeshasoma," alisema. "Tuiache ikafundishe zingine."

Adhuhuri ile alikuja Sajenti Elombe kununua nyama. Alikuwa askari mkongwe, mtu wa mto, kutoka mbali huko Ikweta, na ujana wake aliumalizia katika vita vya Abyssinia. Alikuwa amezoea kusimama pale na kutaniana.

"Sajenti," Birhange alimwambia, "Wataliano uliwaua, lakini kuingia na siye mu pori unaogopa nguruwe?"

"Mutaliano haina meno ya vile," sajenti akajibu, na Maman Furaha akacheka mpaka maharage yakamwagika.

Hiyo ndiyo siku ninayoirudia nikitaka kukumbuka jinsi tulivyokuwa.

Siku chache baadaye, vijana wa vilima vya juu walikataa kodi na kazi za lazima. Ilikuwa mwaka wa mwisho kabla ya uhuru, na kila mahali watu walikuwa wakikataa kitu. Walimpiga polisi wa chifu, wakachukua bunduki, wakaingia msituni, kwenye miteremko iliyo juu ya Kavumu. Askari walitumwa kutoka Bukavu. Gari lao la kwanza lilipigwa risasi barabarani, na baada ya hapo nyumba zilianza kuungua. Walioandika habari waliita fujo. Sisi tuliokuwa ndani yake tunaita vita, kwa sababu tulilala mashambani, tulizika watu bila nyimbo, na hatukuweza kuondoka. Barabara ya Bukavu ilifungwa. Ya kwenda Goma ilifungwa pia. Mtu mzima akionekana njiani bila karatasi ya jeshi alifungwa, na karatasi yenyewe haikutolewa. Mimi niliyezoea kuamka na kwenda, nilizunguka Mudaka kama mbuzi kwenye kamba.

Kati ya vijana walioingia msituni alikuwemo Namegabe, mdogo wa Birhange, baba mmoja mama mmoja. Birhange ndiye aliyemlea. Tulijua yuko mle. Maman Furaha alijua. Majirani walijua pia, na hakuna aliyetamka jina lake.

Askari waliongozwa na luteni Mzungu ambaye watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake. Sindano alikuwa mwindaji. Kwao, tuliambiwa, watu wanawinda sungura kwa mstari: wafukuzaji huku, wenye bunduki kule. Baada ya wiki nyingi za kuwakosa waasi, akaona amepata dawa. Kuna kilima kimoja kirefu chenye msitu, kimezungukwa na mashamba. Waasi wako mle, alisema. Askari watakaa upande wa juu, na wawindaji wa Mudaka watawafukuza kutoka chini, kama nguruwe.

Sajenti Elombe ndiye aliyeletwa kutuambia. Safari hii hakutania. Alitupatia vitambaa vyeupe vya kufunga kichwani, ili askari wasitupige.

"Na mutu akikataa?" mmoja wetu aliuliza.

"Nyumba yake inaungua," sajenti alisema. "Si mimi nasema."

Alipoondoka, Birhange alinivuta pembeni.

"Mi naenda," alisema. "Nitakaa katikati ya mustari, weye karibu yangu. Namegabe anajua kazi hii, mi namufundisha tangu mutoto. Akisikia kengele za mbwa zetu, atalala chini. Siye tutamupita. Tukishapita, nyuma iko bure, ataenda."

"Na mbwa wakimunusa?"

"Mbwa zangu zinamujua. Zimekula mu mikono yake."

Nilimuuliza kama ana hakika Namegabe hatakimbia. Alifikiri kidogo. Akasema mtu anayejua kuwinda haogopi kelele, anaogopa kimya.

Tuliingia asubuhi, umande ungali kwenye majani. Birhange alikuwa kulia kwangu, ningeweza kumgusa kwa fimbo. Tulipiga kelele zetu za kila siku. Mbwa walipita mbele, kengele zikigonga. Kwa muda nilisahau. Mwili ulidhani tunawinda.

Halafu Birhange akasimama.

Nyuma yetu kulikuwa na viatu.

Nikageuka. Kati ya miti, chini kule tulikotoka, niliona kofia, na nyingine, na nyingine. Sindano hakutuamini. Alikuwa ameweka mstari wa pili wa askari nyuma yetu, ulioingia msituni tulipokwisha kuingia sisi. Hakuwa ametuambia. Baadaye nilijua hakuwa amewaambia vizuri hata askari wa juu. Walijua wafukuzaji watakuja. Hawakujua nyuma ya wafukuzaji kuna bunduki zinazowatazama.

Birhange alizitazama kofia zile, akatazama juu mlimani. Nilimwona akihesabu. Namegabe akilala tukampita, anaamka mbele ya mstari wa pili. Akikimbia mbele, anafika kwa mstari wa kwanza, ule wa juu.

"Tuende polepole," alisema. "Polepole sana."

Tulikwenda polepole. Nyuma askari walituambia twende haraka. Msitu uliokuwa wetu ukawa chumba chenye milango miwili, na kila mlango una mtu.

Kisha niliwaona mbwa.

Walikuwa wamesimama kando ya gogo, mikia inatikisika. Hawakubweka. Chini ya gogo kulikuwa na rundo la majani makavu, na majani yale yalikuwa yanapumua.

Birhange aliwaona pia. Alipiga mluzi mdogo, mbwa wakaja. Alibadili njia yake hatua kidogo, akasimama mbele ya lile gogo, akawageukia askari wa nyuma, akaanza kujifunga upya kitambaa chake, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Alikuwa anaziba kwa mwili wake.

Hapo nguruwe alitoka.

Alikuwa mkubwa, mweusi, alitoka kwenye mianzi kushoto na kupanda mlima. Askari mmoja wa juu akafyatua.

Risasi ilimkosa nguruwe. Ikashuka.

Mstari wa chini ukajibu.

Mstari wa juu ukajibu waliojibu.

Sote tulianguka. Majani yalikatika juu yetu na kutushukia kama mvua. Nilisikia Kiswahili, Kilingala, Kifaransa, askari wote wakipiga kelele kwamba waasi wako hapa. Kila upande uliona moshi wa upande mwingine.

Birhange hakuwa ameanguka kama sisi. Alikuwa amekaa, mgongo kwenye gogo, na anashika shingo.

Alisema neno moja, kwa Mashi, lugha ya kwao. Alisema mama.

Namegabe alikuwa salama. Nataka hili lieleweke. Askari wote walikuwa wakitazamana wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyekuwa akitazama gogo, na kama angelala vile vile mpaka jioni, angetoka. Lakini alisikia sauti ya kaka yake. Majani yakafunguka akainuka, bila bunduki, mikono mitupu, akamshika.

"Yaya," alisema, kama mdogo anavyomwita kaka yake. "Yaya, mi hapa."

Nilimvuta. Hakunisikia.

Na hapo, katikati ya risasi, nikamwona Sajenti Elombe anakuja kutoka chini. Alikuwa anatembea. Hakuinama. Mikono yake ilikuwa juu, na bunduki ameiacha nyuma.

"Tika!" alipiga kelele. "Tika kobeta masasi! Acheni! Ni siye tunajipiga!"

Risasi moja ilimpiga mkononi, niliona mkono ukirushwa. Hakuacha kutembea. Nimeona watu wengi wanaoitwa mashujaa, na wengi walikuwa wakikimbia kuelekea kitu. Yule alitembea. Aliendelea kulitukana jeshi zima kwa Kilingala mpaka juu pakanyamaza, na chini pakanyamaza.

Alipofika kwetu alimtazama Birhange. Kisha alimtazama Namegabe, kichwa wazi, nywele zimejaa majani, na bunduki ya polisi inaonekana chini ya gogo. Akaelewa yote. Nilijua tumekufa.

Birhange alikuwa amekwisha kufa. Sajenti alipiga goti, akamfungua kitambaa kile kwa mkono wake mzima. Kilikuwa na damu upande mmoja tu. Alikikunja ile damu ikae ndani. Askari walikuwa wanakuja sasa, tulisikia matawi.

"Muwindaji," alimwambia Namegabe kwa sauti kubwa, "kitambaa yako imeanguka. Vaa."

Namegabe hakusogea. Nikamvisha mimi.

Sajenti aliivuta ile bunduki kwa mguu, akailaza kando ya Birhange. Halafu alinisogelea, na safari hii alisema kwa sauti ya chini.

"Muasi ni ule. Umesikia? Waambie benzako."

Niliwaambia. Wafukuzaji walipita mmoja mmoja wakatazama, na hakuna aliyefungua kinywa.

Sindano alikuja, akatazama maiti na bunduki, akafurahi. Askari wake kadhaa walikuwa wamelala katika mistari yote miwili, waliuawa na wenzao, lakini alikuwa na muasi mmoja, na mpango wake ulikuwa umefaulu. Hakumtambua Birhange. Alikuwa amewatazama wawindaji asubuhi ile kutoka mbali, na alichotazama ni vitambaa.

Akaamuru wafukuzaji wambebe. Hivyo Namegabe alimbeba kaka yake mpaka barabarani, ameshika miguu, na hakulia. Mimi nilikuwa nimeshika mabega. Nilimtazama njia yote, nikiogopa uso wake.

Barabarani wanawake wa Mudaka walikuwa wamekusanywa. Ilikuwa desturi ya jeshi siku zile: maiti inalazwa, wanawake wanapita, anayelia ndiye mwenye maiti, na nyumba yake inachomwa, na wanaume wa nyumba ile wanakwenda gerezani. Walipita. Wengi walikuwa wamekula nyama aliyowinda Birhange. Kila mmoja alisema hamjui.

Maman Furaha alipofika aliinama. Alitazama maiti. Kisha aliinua macho akamwona Namegabe na kitambaa kichwani, kati yetu. Nilimwona akisoma yote, kama alivyosoma sajenti.

"Unamujua?" mkalimani aliuliza.

"Hapana."

"Angalia muzuri."

"Nimeangalia," alisema. "Simujui."

Akaendelea kutembea, hakuharakisha, mpaka alipofika nyuma ya wanawake wengine. Birhange alizikwa na askari kando ya barabara, bila jina. Sajenti Elombe alipelekwa hospitali Bukavu, na sikumwona tena. Sijui kwa nini alifanya vile. Nimejiuliza kwa miaka mingi, na kila jibu nililopata lilikuwa langu, si lake.

Mtu ambaye hakuwapo barabarani siku ile akiuliza Birhange yuko wapi, Maman Furaha alisema amepenya usiku kwenda Kamituga kuchimba dhahabu. Wafukuzaji na wale wanawake walilinda uongo ule. "Anasema nini huko?" watu walimuuliza sokoni. "Iko muzima," alijibu. "Anasalimia." Barabara ilipofunguliwa niliondoka, kama kawaida yangu. Uhuru ulikuja, askari walibadili kofia, na bado haikuwa salama kusema nani alikuwa chini ya gogo lile.

Niliporudi, nilimkuta Namegabe amepata mke na mtoto, na Maman Furaha amechoka kupeleka salamu. Watu walikuwa wakirudi kutoka Kamituga na kuuliza mbona hawakumwona. Basi akamfisha mara ya pili. Akatangaza kuwa habari imefika: shimo limemwangukia mumewe mgodini. Hapo ndipo matanga yalipowekwa, bila maiti, nyumbani kwake Mudaka. Watu walijaa uani. Namegabe alilia siku ile mpaka ikabidi wanaume wamshike, na wageni walishangaa kuona mtu anaweza kumlilia hivyo kaka aliyekwenda siku nyingi.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi Kamituga kweli. Alikunywa kasiksi kidogo, pombe ya ndizi, akaanza kueleza jinsi lile shimo lilivyoanguka. Alisema yeye mwenyewe alikuwepo. Alieleza mvua, miti iliyovunjika, jinsi walivyochimba kwa mikono mpaka wakamfikia Birhange, na jinsi alivyokuwa amelala, hana jeraha, kama mtu aliyesinzia. Watu walitikisa vichwa.

Maman Furaha alikuwa amekaa mbele yake. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru kwa kumtoa mume wake shimoni, akachukua kikombe cha yule mzee, akakijaza tena.