Grafu Niliyoikosesha

Je, kama yule binti alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea? Swali hilo lilininyima usingizi siku mbili nyumbani kwetu Visiga, nilikokuja na madaftari ya kusahihisha.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nikajitolea kufundisha hesabu kidato cha tatu huko Masaki, Kisarawe. Ijumaa tulijaza jedwali la thamani za x na y, tukachora grafu ya x² − 4x + 3. Niliwaambia kwamba sehemu yake ya chini kabisa iko kwenye x = −2, kwa kanuni niliyoiandika ubaoni kutoka kichwani. Binti mmoja akasimama.

"Mwalimu, mbona yangu inageukia kwenye mbili?"

"Umesoma jedwali vibaya," nilimjibu bila hata kuliangalia.

"Profesa, kaa chini bwana!" jirani yake akamtania, darasa zima likacheka. Akaketi. Nilimkosesha kwa kalamu nyekundu, na wenzake wakafuta majibu yao wakanakili langu.

Jumapili nilitoa karatasi yake ya grafu kwenye daftari, nikaikunja kwenye ile mbili. Pande zote za mchoro zililaliana sawasawa. Kwenye kanuni, x = −b/2a, nilikuwa nimesahau alama ya kutoa mbele ya b. Nikiri, nani atanisikiliza tena? Ninyamaze, na yeye ajifunze kutoyaamini macho yake?

Jumatatu, kipindi kilipoanza, nilikata ile alama ya kosa kwenye karatasi yake, nikaweka ya vema.

"Aliyekosea ni mimi," nililiambia darasa, nikampa yule binti chaki.