Seva Mbili za Mama Kulwa

Mwanangu, ile siku ya radi naikumbuka kama ya juzi. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni Dar es Salaam na kupata kazi ya kompyuta katika hospitali moja ndogo pale Majengo, Mpanda. Kwetu Sibwesa, baba aliwaambia watu kwamba natengeneza redio. Sikumsahihisha, alikuwa anajivuna sana.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mama Kulwa, mama wa Kinyamwezi, mpole, asiyependa maneno mengi. Hospitali ilikuwa na seva mbili, yaani zile kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine zote. Tulitaka kila seva igawanywe ndani kwa ndani, ifanye kazi kama kompyuta kadhaa: hii ya maabara, hii ya dawa, hii ya wodi. Na seva moja ikifa, kazi zake ziamkie kwa mwenzake.

Wakati huo waliotangulia katika ufundi huo walikuwa kampuni changa. Makampuni makubwa ya programu yalichelewa, na sisi vijana tuliyacheka. Kwa hiyo Mama Kulwa alipochagua programu ya kampuni moja kubwa, nilimpinga.

"Mama, hawa wameshapitwa. Wamelewa ukubwa. Hawatawafikia wale."

"Umeijaribu hii ya sasa?"

"Niliijaribu ile ya kwanza, chuoni. Ilikuwa mbovu."

"Hata mimi niliiona mbovu, nikawaandikia kila kilichonikera. Toleo hili wamerekebisha karibu yote. Mkubwa akikubali kukosolewa, Masanja, usimdharau. Vuta kiti tuijaribu."

Tukaijaribu. Alikuwa anazima seva kwa makusudi, anatazama kinachotokea, anarekebisha, anazima tena. Mimi nilichoka. Yeye hakuchoka.

Masika yakaingia. Mchana mmoja akaletwa mama mjamzito kutoka Sitalike, anavuja damu, mumewe nyuma yake kashika viatu mkononi. Daktari akaagiza damu upesi. Bahati, fundi wa maabara, alikuwa anaangalia kwenye kompyuta kama damu ya kundi la yule mama ipo, ndipo radi ikapiga. Seva yenye kazi za maabara ikazimika, chumba kikanuka kuungua.

"Mama, imekufa!"

"Nimeona. Usiguse kitu. Ngoja."

Nikarudisha mikono nyuma. Nikasikia yule mume kule kwenye korido akiuliza kuna nini. Kisha kwenye seva ya pili, zile kazi za maabara zikaanza kuamka zenyewe, moja baada ya nyingine. Bahati akapaza sauti: "Imerudi! Damu ipo!"

Jua halijazama tukaambiwa amejifungua mtoto wa kike, na mama ni mzima. Mama Kulwa akakaa, akajifuta machozi kwa kanga yake. Halafu, mwanangu, akafungua kompyuta akaanza kuwaandikia kampuni ile tena: kuamka kule kumechukua muda mrefu kuliko anavyotaka yeye. Sijawahi kumheshimu mtu kazini kama nilivyomheshimu mama yule. Na wale wakubwa nao niliwapa haki yao, maana toleo lililofuata liliamka haraka zaidi.

Sasa wewe na vijana wenzako mnaniuliza kama makampuni makubwa yanaweza kwenda na kasi ya ufundi huu. Yanaweza, nimeona kwa macho yangu. Siyo kwa ukubwa wao, bali kwa sababu yalimsikiliza mama mmoja wa Mpanda aliyelalamika kwa hoja. Yakiziba masikio yatapitwa, nami sitashangaa.

Nasaha yangu ndiyo hiyo. Aliyechelewa usimhukumu kwa alivyokuwa jana. Mpime leo, kwa mikono yako. Na wewe ukipata cheo na jina, mtu mdogo akikuambia hapa umekosea, mshukuru, urekebishe. Mungu akukuze, mwanangu, na kila unapokua azidi kukupa moyo wa kufundishika.