Wamuyu Alivyoichafua Sola, Kisha Akaiuza

Soko zima la Kianjokoma hakuna aliyeuza mafuta taa kama Wamuyu. Pipa lake lilikaa mlangoni pa duka, naye kando yake kwenye kigoda, mikono ikinuka mafuta kiasi kwamba chapati zake mumewe alikula kwa imani tu. Watoto walitumwa kwake na chupa kila jioni, wakarudi nyumbani na mafuta na uvumi, maana Wamuyu hakumwacha mteja aondoke na kitu kimoja.

Stima ya serikali ilikuwa imeishia kiwanda cha majani chai. Nguzo za kuja huku kwingine zilikuwa zikiahidiwa kila uchaguzi, na uchaguzi ukiisha na nguzo zinaisha. Basi mwaka wa tisini na tatu Kivuti, fundi wa redio mwenye kibanda mkabala na duka la Wamuyu, alipanda juu ya bati la mwalimu Nyaga akiwa na kioo cheusi cha sola kinachotoshana na sinia ya chai. Akateremsha waya hadi kwenye betri ya gari, na jioni ile mwalimu akawasha taa bila kiberiti. Wakulima walipolipwa bonasi ya chai, mabati mengi yakavaa vioo hivyo kama akina mama wanavyovaa kofia za kwenda kanisani.

Mafuta ya Wamuyu yakaanza kukaa. Yeye hakuwa mtu wa kulia. Kwanza alieneza kwamba sola inaita radi, lakini mvua za masika zilipokuja radi ikapiga mparachichi wa katekista, ambaye hakuwa na sola wala mpango nayo. Akatafuta neno lingine. Siku moja wanawake walikuja kununua chumvi, akawainamia na kupunguza sauti.

"Hicho kioo kazi yake ni kunyonya joto," aliwaambia. "Mchana kinanyonya la jua. Jua likitua, mnadhani kinanyonya la nani?"

Wanawake wakatazamana. Jumapili ilipofika, habari ilikuwa imeshateremka hadi Runyenjes. Waume waliokuwa wameahidi kununua wakakumbuka ghafla kwamba mabati yao ni mabovu. Mmoja aliihamishia sola yake juu ya zizi, kisha akaamuru dume asilale chini yake. Ni padre tu aliyebaki na sola yake bila wasiwasi, na watu wakasema yeye hana cha kupoteza.

Kivuti alivuka barabara kumlalamikia Wamuyu, akasema amemwulia biashara kabisa. Wamuyu akaendelea kupima sukari, akamjibu kwamba yeye ni muuza mafuta, mambo ya mabati atayajulia wapi.

Kilichombadilisha ni safari ya Embu mjini. Suhail, mwenye duka la jumla alikochukua bidhaa zake, alimwambia kwamba mafuta anayaacha. Stoo yake ilijaa vioo hadi dirishani. Alisema vinanunuliwa Chuka, vinanunuliwa Meru, hata Kiirua kwenye baridi vimefika.

"Kila mahali vinakwenda, mama, isipokuwa kwenu," Suhail alisema. "Sijui watu wa huko wana nini."

Wamuyu akasema watu wa huko ni washamba. Akarudi na vioo vya kuuza, akavipanga mbele ya duka, na hakuna aliyevigusa. Alijaribu kusema kwamba uvumi ule ulitungwa na wajinga, wakamkumbusha kwamba waliusikia kwake. Mwishowe ikambidi avuke barabara yeye mwenyewe. Kivuti alicheka hadi akaketi chini. Alipopata pumzi alisema atawafungia vioo wateja wake wote, mradi kioo cha kwanza kikae juu ya nyumba yake mwenyewe, upande wa chumba cha kulala.

Gichovi, mume wa Wamuyu, alikuwa mkulima mpole ambaye hakuwahi kuulizwa maoni tangu walipooana. Kioo kilipofungwa alichukua blanketi lake akahamia jikoni.

"Rudi ndani," Wamuyu alimwambia.

"Si wewe ndiye uliyesema?"

"Nilisema kwa ajili ya mafuta."

Gichovi akaketi juu ya blanketi. "Kwa hiyo umedanganya wilaya nzima?"

"Si nzima," alisema Wamuyu. "Mbeere huko chini sina hakika kama walisikia."

Gichovi akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akabeba blanketi lake akarudi.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Wanja, aliyekuwa akisoma shule ya bweni huko Kaaga. Baada yake walikuwa wamengoja mwingine miaka mingi, wakaacha kungoja. Kwa hiyo muuguzi alipomwambia Wamuyu kwamba si uzee bali ni mimba, alilia palepale kwenye benchi, akaulizwa kama anaumwa. Alificha habari ile kwa leso mbili hadi zikashindwa. Wanja alipofunga shule na kumwona mama yake, alijifungia chumbani kwa aibu kutwa nzima.

Wamuyu naye aliona aibu, hadi alipogundua kwamba kanisani wanaume hawaangalii madhabahu, wanaangalia tumbo lake, na wakitoka wanaangalia bati lake. Wazee wakaanza kuja dukani kuulizia chumvi, kisha wakaulizia, kama watu wasio na haja, kioo kinafungwa upande gani.

"Juu ya kitanda," aliwajibu. "Ndipo kinapofanya kazi vizuri."

Kivuti alisikia, akanunua ngazi ya pili.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mzito, mkunga akimulikiwa na taa ya kioo kile kile. Wanja alimpokea, na kuanzia hapo ikawa kazi kumnyang'anya. Kwingine vilikofungwa vioo, betri ziliunganishwa na televisheni, na wanaume wakawa wanafika nyumbani mapema kutazama mieleka.

Siku moja wanawake wale wale wa chumvi walikuja kulalamika. Waume zao wanatazama hadi betri inakufa, wakasema, halafu wanalala kama magogo. Ile dawa ya juu ya kitanda iko wapi?

Wamuyu alimhamishia mtoto kwenye titi la pili.

"Mimi niliwauzia taa," alisema. "Hayo mengine, izimeni televisheni kwanza, muongee nao."