Gari Lisilokuwa na Mlango wa Nyuma

Nyinyi wajukuu wangu wa mtaa wa Majimbo, na wengine mtakaosomewa haya, kaeni vizuri. Jumapili mwenzenu Mwenda alikuja na simu yake akanionyesha magari matatu ya kupanda milima, akaniuliza lipi ni zuri. Mambo ya injini siyajui. Lakini kuchagua gari nilikuona.

Siku ambayo haijanitoka ni ile babu yenu Nyaga aliporudi kutoka kituo cha majani chai, huku kwetu juu ya Runyenjes, matope hadi magotini. Lori la majani lilikuwa limelala mtaroni tangu asubuhi. Akasema sasa basi, tunaagiza gari la matope, jipya. Moyo wangu ukaruka moja kwa moja hadi Laare nilikozaliwa. Mwanangu, mimi niliolewa mbali. Mama yangu alikuwa huko Nyambene kati ya miraa yake, na hakuwa ameona nyumba yangu, wala jiko langu, wala ng'ombe wangu. Magari ya abiria yalimtapisha, akaapa hatayapanda tena. Kila asubuhi nikikamua nilimwona kama amesimama mlangoni, ananisahihisha.

Kuchagua kulifanywa na wanaume, kwenye picha, pale pale kituoni. Gari moja lilikuwa refu, la mraba kama sanduku, nyuma lina mabenchi mawili yanayotazamana na mlango wake. La pili lilikuwa pana, wakasema halitapita kwenye kijia chetu. La tatu lilikuwa fupi, milango miwili tu, viti laini. Walibishana lipi linapanda zaidi, lipi linavuka mto.

"Hilo refu ni la mbuzi," rafiki yake mmoja akamwambia. "Nyaga, utaenda kwa wakwe na gari la mbuzi?"

Basi likaagizwa lile fupi. Mimi sikuulizwa, na lilipokuja niliona rangi yake nikafurahi tu.

Tukaenda Laare. Matope hayakutushinda popote. Mama akatoka na kitambaa chake kizuri kichwani, kikapu cha viazi vikuu mkononi, tayari kabisa. Akalizunguka gari polepole, akarudi alipoanzia.

"Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Hakuna, mama. Kiti cha mbele kinalazwa, unapita hapo."

"Nipite nimeinama hivyo, mkwe wangu akiwa hapo?"

Nyaga alikuwa amekwisha kusogea kando, anatazama miraa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawagusani wala hawakai bega kwa bega. Heshima yao iko katika ule umbali. Akasema, bila kumtazama, kwamba atakwenda nyuma ya nyumba hadi mama akae.

"Na njiani? Magoti yangu yawe mgongoni mwake mpaka Runyenjes? Akikanyaga breki nimwangukie shingoni?"

Dada yangu akacheka mpaka akaketi chini. Mama hakucheka. "Mwambie mume wako gari ni zuri," akaniambia. "Ni la mtu na mke wake." Kisha akaweka kikapu chini, taratibu. "Mtoto wangu, mlipokuwa mnachagua, mimi mliniweka wapi?"

Tulirudi na viazi vikuu vyake, yeye akabaki.

Tukafika Meru. Hapo babu yenu akasema, "Nitaliuza." Akaliuza kweli, akaagiza lile la mabenchi. Lakini gari la kuagiza halikuja haraka siku hizo, na lilipofika, miguu ya mama ilikuwa imekataa. Safari hakuiweza tena.

Tukaenda hivyo hivyo. Nyaga akalirudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni pake, akafungua mlango wa nyuma, akaenda zake zizini. Tukamwinua mama, akaketi benchini, akashika chuma.

"Funga. Sasa nipeleke kwako."

Gari lilikuwa limezimwa. Nikaketi benchi la pili, nikamwambia tumepita Maua, tumeshuka Meru, hii ni Nkubu, hii ni Chuka, sasa tunapanda kati ya chai. "Hapa ni lango, mama. Yule ni ng'ombe wangu mweusi."

"Ana maziwa?"

"Anayo."

"Na jiko, lina moshi?"

"Kidogo."

"Toboeni dirisha juu." Kisha akasema safari imemchosha, tumshushe.

Dirisha nililitoboa. Yeye hakuja kuliona. Mpaka leo nikisikia gari likirudi kinyumenyume uani, mikono yangu inatafuta kitambaa cha kupangusa benchi.

Mwanangu, gari la milima lazima lishinde matope, hilo sikatai. Lakini kabla hujaangalia magurudumu, jiulize ni nani unayetamani kumwona akishuka mlangoni pako. Anza na magoti yake, na marinda yake, na aibu yake. Mlima hauondoki; yeye ataondoka. Mungu awape safari za kwenda na kurudi, na awawekee watu wenu mpaka muwafikie.

Na Jumapili hiyo nilisema mbele ya nyumba nzima, mabakuli yakiwa bado mezani: "Mwenda, weka simu. Kesho mke wako ampeleke mama yake kwa hao wauzaji, apande na kushuka yote matatu. Wewe simama mbali. Atakalokalia mama mkwe wako bila kuona haya, hilo ndilo uagize."