Somo la Nyuki Darini

Mwalimu Tshiamala hakuweza kuona kidonda akanyamaza. Ukijikata kwa kisu jikoni kwake, alikueleza kwanza kinachotendeka chini ya ngozi, ndipo akutafutie kitambaa. Mkewe, Tshiela, alisema amezoea kutokwa damu kimyakimya. Baba wa mwalimu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Mwalimu mwenyewe alizaliwa Kolwezi, Katanga, akafundisha biolojia hapohapo, jambo ambalo mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, halikumsaidia kitu.

Asubuhi moja kundi la vijana lilisimama mlangoni. Mbele alikuwa Stany, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye biolojia ilimshinda hadi mwisho.

"Tata Mwalimu," Stany alisema akitazama viatu vyake, "mutoke. Nyumba ni ya bana Katanga sasa. Murudie kwenu."

"Kwetu wapi, Stany?"

"Kasai."

"Sijawahi kufika."

"Basi mutaona. Banasema ni kuzuri."

Tshiela alikuwa tayari anafunga masufuria ndani ya shuka; majirani zao walikwisha kuhamia kituoni kungoja treni. Stany, aliyekwisha kujigawia nyumba, akataka kujua kama mabati yanavuja. Akapanda juu ya meza, akasukuma ubao wa dari.

"Usiguse hapo," mwalimu alisema. "Kuna nyuki."

"Munanidanganya juu ya kubakia mu nyumba."

Akaingiza kichwa.

Wenzake walifika barabarani kabla meza haijaanguka. Mwalimu alimfunika Stany kwa blanketi, akamburuta uani, akamkalisha kwenye ndoo. Mdomo wa kijana ulikuwa unaumuka kama unga wa maandazi. Tshiela alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaleta maji baridi.

"Mi nakufa, Tata."

"Hufi." Mwalimu alikuwa anakwangua miiba kwa ukucha. "Sumu imepasua seli zako. Ndani ya seli kuna kemikali inayoipa nguvu ya kazi. Ikimwagika nje, inakuwa nini?"

Stany alilia.

"Inakuwa ishara! Seli za ulinzi zikiigusa huko nje, mahali isipotakiwa kuwa, zinajua kuna jirani amevunjiwa nyumba. Zinaamka. Zinamwaga kemikali zao kuwaita wenzao. Mishipa inalegea, maji yanavuja, ndiyo huo mdomo. Haya, rudia."

"Theli inapathuka... kitu ya ndani inatoka inje..."

"Na walinzi?"

"Banathikia?"

"Wana masikio?"

"Banaigutha!"

"Vizuri sana!" Mwalimu alipiga makofi. Miaka yote ya shule Stany hakuwahi kujibu hivyo.

"Tshiamala," mkewe aliita, "treni itatuacha tukiwa darasani."

Stany alibaki ameshika mdomo. Kisha akauliza swali lake la kwanza la biolojia. "Tata, na balinzi bakiamka bure? Bakipiga mwili yao wenyewe?"

Mwalimu alifuta mikono kwenye suruali, polepole. "Hilo lipo. Ni ugonjwa."

"Dawa yake?"

"Bado wanatafuta."

Stany alijitwika sanduku lao kubwa, akawafuata hadi kituoni, jicho moja limefumba. Waliokuwa wamelala pale walimtazama kijana aliyevimba, wakamtazama mwalimu mpole, wakaamua kwamba amempiga. Wakampisha mahali pazuri, chini ya paa. Mwalimu alijaribu kueleza habari za nyuki na seli. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumheshimu. Mzee mmoja alimwomba amshughulikie na mkwe wake.

Treni ilichelewa sana. Watoto waliugua pale kituoni, wengine wakazikwa, na mwalimu, aliyejua sababu ya kila homa, hakuwa na dawa hata moja. Siku hizo hakufundisha mtu.

Hatimaye walipita Tenke wakiwa juu ya mizigo, wakashukia Mwene-Ditu, Kasai. Mwalimu alipata kazi ya kufundisha. Tshiluba chake, lugha ya huko, kilijaa Kiswahili cha migodini, na wanafunzi walicheka kila alipofungua kinywa. Mwezi haukwisha wakampa jina: Mukatanga, mtu wa Katanga.

Tshiela alipolisikia sokoni, aliketi chini kando ya meza ya mihogo akacheka mpaka wenye meza wakaleta maji.