Barazani kwa Marehemu Mzee Abuu

Mwanahawa wa Lushoto hakuzaliwa milimani, na hilo halifichi. Baridi ya kule aliizoea, Kishambaa akakijua mpaka cha matusi, lakini kwao ni Pangani. Alitoka huko akiwa msichana, akamfuata Yohane, dereva wa lori la mboga, Mlutheri wa Bumbuli. Baba yake, Mzee Abuu, aliapa mbele ya majirani: "Ukiolewa na huyo, mlango huu usiuvuke tena." Akaolewa. Yeye akabaki na swala zake, mumewe na kanisa lake, wakamzaa Vumilia, na nyumba yao haikuvunjika kama walimwengu walivyotabiri.

Mwaka huu Yohane alipoacha udereva, alisema wazungukie walikokulia kabla magoti hayajawagomea. Walianzia Bumbuli, mawifi wakawapikia makande na kuwachekesha mpaka jioni. Kisha pikapu yao ikateremka Soni, Mombo, Korogwe, hadi pwani. Baada ya Tanga walisimama Kigombe, ambako Mwanahawa alikuwa akipelekwa likizo kwa shangazi yake kujifunza kusuka ukili wa mikeka.

Walipofika mtaani kwao Pangani, Mwanahawa aliteremka mbele ya nyumba yao. Alitaka jambo moja tu: apokewe nyumbani kwa baba yake, yeye na mumewe, mchana kweupe. Baba alishakufa. Aliyemo ndani ni mdogo wake, Masudi, aliyerithi mlango pamoja na kiapo cha baba.

"Hodi!" akaita. Ndani redio ikazimwa. "Hodi wenyewe!" Akaita ya tatu, mlango haukufunguka.

Yohane akamshika mkono. "Mama Vumilia, hodi tatu zinatosha. Twende, tusijidhalilishe."

"Twende wapi? Ndani ni kwake. Baraza ni la kila mpita njia, hata muuza kahawa hukaa bila kuuliza." Akaketi kwenye saruji, akavua viatu, akamvuta mumewe ubavuni. "Wanasema mkataa kwao mtumwa. Mimi sikukataa kwetu. Kwetu ndiko kulikonikataa, na leo kutaniona."

Akafungua kapu la mapeasi ya Lushoto, akamkaribisha kila aliyepita. Waliomjua utotoni wakaanza kusimama. Jirani wa zamani, Bi Nasra, akapaza sauti: "Mwanahawa! Na mume ndiye huyu?"

"Ndiye huyu huyu, bibi. Shikamoo."

Baraza likajaa. Hakuna aliyemtaja Masudi, ila kila mtu aliutupia mlango jicho. Aibu sasa ilikuwa upande wa ndani, na Mwanahawa aliifurahia, tusimsingizie upole.

Mlango ukafunguka. Masudi, mvi kichwani, akasimama mbele ya mtaa mzima. Aliyekaa barazani ni dada yake mkubwa, na mdogo ndiye anayeamkia. Hakuna kiapo kinachofuta hilo.

"Shikamoo, dada."

Mwanahawa hakuitikia. Watu wakaguna, maana kuacha shikamoo ikining'inia ni jambo zito. Alimtazama Yohane, akamrudishia macho mdogo wake, akangoja. Akiondoka sasa, hatarudi tena maishani, alijua.

Mabega ya Masudi yakashuka. Akamgeukia Yohane.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," Yohane akaitikia.

Ndipo Mwanahawa naye akasema, "Marahaba, mdogo wangu," akalia waziwazi, wala hakujifunika uso.